RIPOTI ISILALE BUNGENI: TUME ZA HAKI, BUNGE, NA SISI WANAVIKUNDI

(Maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujitegemea, Nyeri)

Wengine mmetoka Kieni kwenye baridi, wengine Othaya, Mukurweini na Karatina, na wenzetu wengine wametoka mbali zaidi, Nanyuki na Kerugoya. Chai iko jikoni, lakini kwanza tuzungumze.

Wengi mlifikiri tutaongea tena juu ya mbuzi wa maziwa na matangi ya maji. Leo hapana. Leo tunaongea juu ya jambo linaloonekana kuwa la watu wa Nairobi: jinsi Bunge linavyofanya kazi na tume za haki za binadamu na usawa. Msichoke mapema. Jambo hili lina uhusiano na barua ya chifu, na tutaanzia hapo.

Katika vikundi tunavyotembelea yuko mama mmoja, hatutataja jina lake wala kijiji chake. Alifiwa na mume. Walikuwa na ekari moja na robo, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Ili afungue mambo ya urithi mahakamani alihitaji barua ya chifu yenye majina ya warithi. Akaenda ofisini. Akaambiwa, "Mama, enda ulete mwanamume wa boma hilo." Sasa, wanaume wa boma hilo ni mashemeji zake, na hao ndio waliokuwa wakilitaka shamba. Akarudi mara ya pili, ya tatu, ya saba. Mwaka ukaisha.

Tulimsaidia kuandika malalamiko kwa tume. Ilichukua miezi. Tume ikaiandikia ofisi ile, na siku moja mama akaitwa akapewa barua yake. Tulifurahi sana. Tukapika. Tena tukasimama mbele ya kikundi tukasema, "Mmeona? Sasa tume imeyamaliza maneno hayo."

Hapo tulikosea, na yafaa tukiri mbele yenu. Haikupita miezi mingi mjane mwingine akaja kwetu, ametoka ofisi nyingine kabisa, na maneno aliyoambiwa ni yale yale: "Lete mwanamume." Yule mama wa kwanza alikuwa ameketi hapo. Akatuuliza, "Sasa mimi nilipata haki yangu, ama nilipata bahati?"

Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tumelitafuta, na haya tunayowaambia leo ndiyo tuliyoyapata.

TUME HIZI NI ZIPI?

Ninyi wenye umri kama wetu mnakumbuka miaka ya 1990. Mwaka wa 1996 Rais Moi aliunda Kamati ya Kudumu ya Haki za Binadamu. Ilikuwa kamati ya Rais: yeye ndiye aliyeiunda, na ripoti zake zilimwendea yeye. Mwaka wa 2002 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ikaanza kazi mwaka wa 2003. Tofauti ni kubwa. Kamati ilisimama kwa neno la mtu mmoja. Tume imesimama juu ya sheria.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 59 kiliunda Tume ya Haki za Binadamu na Usawa, na kikaruhusu Bunge kuigawa. Mwaka wa 2011 Bunge liliigawa mara tatu:

Ya kwanza ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Hii huangalia mambo kama mateso, watu kupotezwa, polisi kuua, na haki ya chakula, maji na afya.

Ya pili ni Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Hii ni ya wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, vijana, na wote wanaobaguliwa.

Ya tatu ni Tume ya Haki katika Utawala, ile watu huiita Ombudsman. Ukizungushwa na ofisi ya serikali, ukinyimwa huduma bila sababu, hapo ndipo mahali pako. Neno lao ni "Hata mnyonge ana haki."

Msizichanganye hizi na mashirika yasiyo ya serikali. Wazee wetu wa Mau Mau waliopeleka kesi Uingereza, wakalipwa kwa mapatano ya mwaka wa 2013, walisaidiwa na shirika lisilo la serikali lenye jina linalokaribiana na la tume. Shirika ni la watu waliojiunga wenyewe. Tume ni ya Katiba, inalipwa na kodi yako, na kwa hiyo unaweza kuidai.

BUNGE LINAINGIA WAPI?

Tume hizi ni huru. Kifungu cha 249 kinasema tume iko chini ya Katiba na sheria tu, haiamrishwi na mtu wala ofisi yoyote. Hata Bunge si bosi wake. Lakini kuna kamba tano zinazofunga tume na Bunge, na yafaa kila karani wa kikundi azijue.

Kamba ya kwanza ni watu. Kamishna hawezi kuketi mpaka Bunge la Taifa limkubali. Akikubaliwa anakaa miaka sita, na hawezi kurudishwa. Kabla ya kumhoji, karani wa Bunge lazima atangazie wananchi siku saba mbele, na mwananchi mwenye jambo juu ya mtu huyo anaweza kulipeleka kwa maandishi ya kiapo. Viti visipojazwa mnajua kinachotokea. Tume ya Uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025, na watu wa Banissa kule Mandera wakakaa bila mbunge mpaka Novemba 2025.

Kamba ya pili ni fedha. Katiba inasema Bunge litaipa kila tume fedha za kutosha, na fungu lake liandikwe peke yake. Tume isiyo na petroli haifiki Kieni. Ukiona tume haina ofisi karibu nawe, usiilaumu tume peke yake; uliza Bunge lilipitisha nini. Makadirio ya serikali hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na kamati ya Bunge lazima isikie maoni ya wananchi. Kwa hiyo Mei ni mwezi wa kuuliza. Julai umechelewa, mwaka mwingine wa fedha umeanza.

Kamba ya tatu ni ripoti. Kifungu cha 254 kinaamuru kila tume ipeleke ripoti kwa Rais na kwa Bunge kila mwaka. Tena Bunge linaweza wakati wowote kuiambia tume, "Tuletee ripoti juu ya jambo hili." Na ripoti hiyo lazima itangazwe kwa watu. Si siri.

Kamba ya nne ni sheria. Tume inaona mahali sheria inapoumiza watu, lakini haiwezi kuibadilisha. Anayebadilisha ni Bunge.

Kamba ya tano ni kumwondoa kamishna. Mwananchi yeyote anaweza kupeleka ombi Bungeni kwamba kamishna amevunja Katiba au hawezi kazi. Bunge likiridhika linapeleka jambo kwa Rais, na jopo maalum linachunguza. Bunge haliwezi kumfukuza kamishna kwa hasira ya siku moja. Na hiyo ni nzuri, kwa maana siku nyingine tume italazimika kusema juu ya wabunge wenyewe.

Mambo haya si ya Kenya peke yake. Mwaka wa 2012 wajumbe wa tume na mabunge kutoka nchi mbalimbali walikutana Belgrade, Serbia, wakaandika kanuni za namna mabunge na tume za haki yapasa kufanya kazi pamoja: Bunge lilinde uhuru wa tume, lizijadili ripoti zake, lifuatilie kama serikali imetenda. Sikieni neno hilo la mwisho: kufuatilia. Hapo ndipo penye shida yetu.

MAHALI RIPOTI INAPOLALA

Mwaka wa 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi kati ya Ombudsman na shirika moja la serikali. Iliamua kwamba mapendekezo ya tume hiyo si amri. Ofisi haifungwi nayo kama inavyofungwa na hukumu ya korti. Wengi wakasema, basi tume ni meno ya plastiki. Lakini someni sheria ya tume yenyewe. Inasema ofisi ikikataa kutenda, tume inaweza kupeleka ripoti kwa Bunge la Taifa, na Bunge litachukua hatua. Yaani mlango wa mwisho wa njia hiyo ni mlango wa Bunge. Tume inasikia na kusema. Mwenye uwezo wa kumwita waziri na kumuuliza "mbona?" ni mbunge wako.

Na mbunge asipouliza? Ripoti inalala. Tuchukue mifano mitatu.

Kwanza, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Hiyo haikuwa tume ya kudumu kama hizi tatu, lakini njia yake iliishia Bungeni vilevile. Ilichukua taarifa zaidi ya 40,000 nchini kote, juu ya mateso na mashamba yaliyonyang'anywa tangu uhuru. Ikatoa ripoti yake Mei 2013. Ripoti ikaenda Bungeni, na mpaka leo mengi ya mapendekezo yake hayajatekelezwa. Katika vikundi vyetu wako wazee waliosema mambo waliyokuwa hawajawaambia hata watoto wao. Wengine tumeshawazika.

Pili, usawa wa jinsia. Katiba inasema wanaochaguliwa wasizidi theluthi mbili wa jinsia moja. Tume zikakumbusha, mahakama zikaamuru. Februari 27, 2019 mswada uliletwa Bungeni. Ulihitaji wabunge 233. Waliokuwamo ni 174. Wengine hawakuupinga, hawakuja tu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, na Bunge likamaliza muda wake mwaka wa 2022 bila kupitisha sheria. Akina mama, hapa mshitakiwa na mwamuzi walikuwa mtu mmoja.

Tatu, vijana wetu. Juni 2024 walitembea barabarani, hata hapa Nyeri, Nanyuki na Embu, wakipinga Mswada wa Fedha. Mpaka mwisho wa mwaka huo Tume ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa nchini kuwa 60, na visa vya watu kutekwa kuwa 82. Kuhesabu ni kazi ya tume, na iliifanya wakati wengine walinyamaza. Lakini kuhesabu si kuleta haki. Baada ya hesabu lazima mtu ajibu, na Bunge ni moja ya mahali pa kumfanya ajibu.

Tusiseme kwamba Bunge halitendi kamwe. Wenzetu wa Nanyuki wanajua. Kwa miaka watu walilalamika juu ya askari wa Uingereza wanaofanya mazoezi huko, na juu ya mama kijana aliyeuawa mwaka wa 2012. Mwaka wa 2024 kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Nje ilifika Laikipia, ikaketi, ikawasikiliza wananchi. Ripoti yake ilitoka mwishoni mwa 2025. Ilichukua muda mrefu mno. Lakini kamati haikuamka yenyewe. Iliamshwa na watu waliokataa kunyamaza, jamaa za wafu na majirani, mwaka baada ya mwaka.

BASI SISI TUFANYE NINI?

Sisi wahudumu wa maendeleo tulifanya kosa hili: tulidhani kazi inaisha mtu mmoja akipata barua yake. Kumbe hapo ndipo inapoanza. Malalamiko ya mtu mmoja yanasaidia mtu mmoja. Malalamiko ya kikundi, yakiandikwa vizuri, yanaweza kubadilisha ofisi zote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tunawashauri hivi:

1. Andikeni. Kila kikundi kiwe na kitabu cha malalamiko kando ya kitabu cha michango. Tarehe, ofisi, neno ulilojibiwa, jina la shahidi. "Nilisumbuliwa sana" haisaidii. "Tarehe fulani nilienda mara ya nne, nikaambiwa nilete mwanamume" inasaidia.

2. Anzeni na ofisi yenyewe, kwa barua, na mbaki na nakala. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa tume inayohusika. Hakuna malipo. Mtu yeyote akiwaomba pesa ya "kusukuma faili", mkimbieni.

3. Jambo likiwa limewagusa wengi, pelekeni ombi Bungeni. Wabunge huliita ardhilhali. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo, na iko sheria ya mwaka wa 2012 inayoonyesha namna. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine. Lisiwe na matusi wala mahali palipofutwa-futwa. Liseme shida ni nini, na mnaomba Bunge lifanye nini. Liseme mmejaribu ofisi gani na hamkuridhika. Hapo ndipo barua zenu kwa tume zinapokuwa na faida. Liseme jambo haliko mahakamani. Kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Kidole chake ni sawa na sahihi ya profesa.

4. Lipelekeni kwa Karani wa Bunge, ama mumpe mbunge wenu alilete kwa niaba yenu. Kumbukeni hamna mtu mmoja tu kule. Kikundi chochote cha Nyeri kina mbunge wa eneo, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na seneta. Jambo likiwa la kaunti, kama zahanati au shule ya chekechea, ombi liende Bunge la Kaunti.

5. Ulizeni swali la ripoti. Hili ndilo tunalotaka mwende nalo nyumbani, na tutawaeleza tulivyojifunza.

Mbunge mmoja, hatutasema wa wapi, alikuja kwenye harambee. Alitoa mchango wake, watu wakapiga makofi, akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wetu huuliza juu ya barabara na basari, na si vibaya. Lakini yule mama wa kwanza, mwenye ekari moja na robo, akasimama. Akasema, "Mheshimiwa, tunashukuru kwa mchango. Tume ya Ombudsman huleta ripoti Bungeni kila mwaka. Ya mwaka uliopita ilipofika, wewe ulisema nini?"

Ukumbi ukawa kimya. Mheshimiwa akatazama msaidizi wake, msaidizi akatazama simu. Kisha akasema, na tunamheshimu kwa kusema kweli, "Mama, sijaisoma." Mama akajibu, "Basi tutakuja ofisini kwako mwezi ujao ukiwa umeisoma." Akaketi. Hakumtukana, hakupiga kelele.

Walienda, akina mama tisa. Hatuwezi kuwaambia kwamba kila kitu kimebadilika. Aliyowaahidi bado tunayafuatilia. Ila sasa anajua kuna watu wanaomngoja, na hilo hakulijua kabla. Nasi ombi letu juu ya wajane na barua za chifu linaandikwa. Kitabu kina wajane kumi na mmoja, kila mmoja na tarehe zake, na sahihi bado zinakusanywa. Wenye habari kama hiyo katika vikundi vyenu, mwoneni karani wakati wa chai.

Sasa turudi kwa swali la yule mama: alipata haki ama bahati? Tunadhani jibu ni hili. Kama mjane wa pili ataendelea kuambiwa alete mwanamume, basi wa kwanza alipata bahati. Siku wa pili, wa tatu na wa kumi na moja watakapopewa barua bila kuzungushwa, ndipo tutasema wa kwanza alipata haki yake. Tume peke yake haiwezi kutufikisha hapo. Bunge peke yake halitaki kwenda. Itabidi tuwasindikize wote wawili.

Chai iko tayari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni neno gani watu wetu huambiwa mara kwa mara katika ofisi, na linawaumiza nani zaidi?

2. Kati ya tume tatu, ni ipi inayohusika na shida hiyo? Tumewahi kuiandikia?

3. Mbunge wetu akija, tutamuuliza swali gani moja juu ya ripoti za tume? Nani atauliza, na nani watarudi ofisini kwake mwezi ujao?

4. Nani atakitunza kitabu cha malalamiko, na tutakisoma pamoja siku gani ya mwezi?